Foleni ya Amri za Diski: Nani Ashike Utaratibu?

Msimamizi wa seva anayetafuta ushauri kuhusu diski zake hukutana na kauli tatu zinazopigana. Ya kwanza humwambia azime NCQ, yaani foleni ya amri ya diski za SATA, kwa kuwa diski yenye foleni hupangua maandishi, na umeme ukikatika hifadhidata itabaki vipande. Ya pili humwambia aongeze kina cha foleni, yaani idadi ya amri ambazo diski hupewa kwa pamoja, hadi mwisho, kwa kuwa diski isiyojazwa kazi ni fedha iliyolala. Ya tatu humtaka apachike mfumo wa faili kwa chaguo la nobarrier, kwa kuwa vizuizi vya maandishi, vile vinavyolinda mfuatano wa kuandika, vinakula kasi bure.

Kila kauli ina chembe ya ukweli iliyopelekwa mahali pasipo pake. Maswali matatu tofauti yamefungwa fungu moja. Je, amri imekamilika? Je, data imefika mahali ambapo umeme ukikatika haitafutika? Na je, data ya kwanza ilifika kabla ya ya pili? Draiva ya kidhibiti cha diski, ile programu inayokaa kati ya kerneli na maunzi, hukutana na maswali haya yote kila sekunde. Mengi yaliyotokea ndani ya draiva hizo tangu miaka ya 1990 ni mvutano kuhusu swali la tatu: nani abebe dhamana ya utaratibu.

Foleni ilikotoka

Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Sekta inayotakiwa huwa, kwa wastani, nusu mzunguko mbali, yaani milisekunde 4.2. Ongeza muda wa kichwa kusogea kutoka njia moja ya sahani hadi nyingine, kama milisekunde 8 au 9, na jumla inakaribia 13. Diski inayopewa amri moja moja za kusoma sehemu zilizotawanyika haiwezi kuvuka sana amri 80 kwa sekunde, hata prosesa iwe ya kasi namna gani.

Dawa ni kuipa diski kazi nyingi kwa pamoja na kuiachia ichague. Mwendesha bodaboda mwenye vifurushi vya Mbezi, Posta na Kariakoo hafuati mpangilio aliovipokea, anafuata barabara. Diski nayo inajua jambo ambalo mfumo endeshi haulijui: kichwa kiko wapi hivi sasa na sahani imefika wapi katika mzunguko wake. Namba za sekta ambazo kompyuta inaziona hazisemi lolote la uhakika kuhusu umbo halisi la sahani, hivyo upangaji unaofanywa ndani ya diski huushinda ule unaofanywa na kerneli. Foleni ikiwa na amri za kutosha, kazi za kusoma zilizotawanyika zinaweza kukaribia maradufu kwa sekunde bila kubadilisha chuma chochote.

Ulimwengu wa SCSI, yaani diski za seva, uliliona hili mapema. Kiwango cha SCSI-2, kilichopitishwa na ANSI mwaka 1994, kiliruhusu kila amri kubeba lebo yake ili diski ijibu amri kwa mpangilio wowote na draiva bado ijue jibu ni la nani. Pamoja na lebo, amri ilibeba sifa. Amri ya kawaida ingeweza kupanguliwa na diski ipendavyo. Amri yenye utaratibu ilipaswa kusubiri zote zilizoitangulia ziishe, na zilizoifuata ziisubiri yenyewe. Sifa ya tatu ilirusha amri mbele ya foleni. Kwa hiyo foleni na utaratibu vilizaliwa pamoja, katika waraka mmoja.

Upande wa ATA, yaani diski za bei nafuu za kompyuta za mezani, mambo yalichelewa. ATA-4 ya mwaka 1998 ilileta foleni ya lebo 32, lakini kwa namna ya kuchosha: diski iliachia basi la mawasiliano, kisha ikaomba tena kuhudumiwa kwa ishara ya kukatiza, na draiva ikalazimika kuuliza ni lebo ipi. Watengenezaji wachache waliijali, IBM wakiwa miongoni mwao, na draiva zilizoitumia vizuri zilihesabika. Foleni iliyoshika ni NCQ, iliyokuja na SATA na kupata kidhibiti cha kuifaa katika AHCI ya Intel mwaka 2004. Hapo diski yenyewe ndiyo inayoanzisha uhamishaji wa data inapokuwa tayari, na kompyuta haisumbuliwi kwa kila hatua. Linux iliipokea katika libata, maktaba yake ya draiva za ATA, kwenye toleo 2.6.18 la mwaka 2006.

NCQ ilichukua foleni ya SCSI ikaacha utaratibu wake. Kuna lebo 32, na hakuna njia ya kuiambia diski kwamba amri hii isitangulie ile.

Kache ndiyo iliyovuruga hesabu

Kabla ya NCQ, diski za ATA zilikuwa na njia yao ya kuficha uzembe: kache ya kuandikia. Diski hupokea data kwenye kumbukumbu yake ndogo, hujibu kwamba imemaliza, kisha huandika kwenye sahani kwa wakati wake. Bila foleni hapakuwa na njia nyingine ya kuifanya diski ipange maandishi yake. Diski ya SCSI iliyokuwa na lebo ingeweza kuzimiwa kache na bado ikapanga kazi, kwa sababu ilikuwa na amri nyingi mkononi ambazo hazijajibiwa.

FreeBSD iliijua gharama hii kwa vitendo. Mfumo wake wa Soft Updates, uliojengwa na Kirk McKusick na Greg Ganger, hutegemea diski iseme kweli inaposema amri imekamilika. Katika toleo 4.3 la mwaka 2001 wasanidi wa FreeBSD waliamua kuzima kache ya kuandikia ya diski za ATA kama chaguo la kawaida. Kasi ya kuandika iliporomoka kiasi kwamba baada ya toleo hilo kache ilirudishwa. Usalama ulikuwepo, watumiaji hawakuwa tayari kuulipia bei ile.

Hapa ndipo kauli ya kwanza, ya kuzima NCQ, inapoanguka. Amri iliyo kwenye foleni ni amri ambayo bado haijajibiwa. Hakuna programu iliyoambiwa kwamba data yake iko salama, hivyo umeme ukikatika hakuna ahadi iliyovunjwa. Hatari iko kwenye amri ambayo imejibiwa huku data bado iko kwenye kache. Anayezima NCQ na kuiacha kache imewashwa amepunguza kasi ya kusoma na kubaki na hatari ileile aliyotaka kuikimbia, maana kache hupangua maandishi kwa uhuru uleule. Msomaji wa Dar es Salaam au Kampala, ambaye kukatika kwa umeme kwake si dhana ya kwenye vitabu, ana sababu ya ziada ya kuishika tofauti hii.

Utaratibu nao unadaiwa na nani? Mifumo ya faili yenye daftari la miamala, kama ext4, XFS na NTFS, huandika kwanza mabadiliko kwenye daftari, kisha rekodi ya kuthibitisha muamala, na baadaye ndipo huyapeleka mabadiliko mahali pake. Rekodi ya kuthibitisha ikitua kwenye sahani kabla ya mabadiliko yenyewe, basi siku ya kuinuka baada ya ajali mfumo utasoma takataka na kuziamini. Hifadhidata zinaishi kwa kanuni hiyohiyo.

Hoja ya kwanza: diski yenyewe ishike utaratibu

Kwenye karatasi, hoja hii inapendeza. Mfumo wa faili hutuma mabadiliko kwa lebo za kawaida, hutuma rekodi ya kuthibitisha kwa lebo yenye utaratibu, na kuendelea na kazi nyingine bila kusubiri chochote. Foleni haikauki hata mara moja. Vizuizi vya Linux 2.6 viliandaliwa kwa kuzingatia uwezekano huo: msimbo wa tabaka la bloku ulikuwa na njia ya lebo na njia ya kukausha foleni, yaani kungoja amri zote zilizo njiani ziishe. Hata hivyo draiva ya diski za SCSI, ile inayoitwa sd, haikuwahi kuitegemea njia ya lebo. Ilibaki kukausha foleni, na waliofanya hivyo hawakuwa wavivu.

Tatizo la kwanza ni foleni kujaa. Diski ikikosa nafasi hurudisha jibu kwamba imejaa, na draiva hulazimika kuituma amri ile upya. Sasa chukua amri A na amri B zilizotumwa zikifuatana. A inafika wakati diski imejaa na inakataliwa. Kufumba na kufumbua nafasi inapatikana, B inafika na kupokelewa. A inarudi baadaye na kukuta B imeshapita. Draiva haikukosea, diski haikukosea, na utaratibu umevunjika.

La pili ni makosa ya kawaida ya diski. A inakwama kwenye sekta mbovu, au inarudishwa kwa sababu basi limewashwa upya. Draiva inajiandaa kuijaribu tena, na wakati huo B iliyokuwa nyuma yake imeandikwa. Waandishi wa SCSI walilijua hili wakaweka dawa: mpangilio wa QErr unaoiamuru diski ifute amri zote zilizosalia moja inapofeli, na hali ya ACA inayoigandisha foleni hadi draiva iseme endelea. QErr ni nyundo nzito inayoponda hata amri zisizo na hatia, na ACA ni diski chache zilizoitekeleza. Dawa iliyo kwenye waraka bila kuwa kwenye duka haimsaidii mwandishi wa draiva.

La tatu ni kache tena. Lebo yenye utaratibu hupanga utekelezaji wa amri. Kache ya kuandikia ikiwa imewashwa, utekelezaji unaishia kwenye kache, na kutoka hapo hadi kwenye sahani hakuna ahadi ya mfuatano.

La nne, ambalo kwa maoni yangu linatosha peke yake, ni kwamba diski moja haijui habari za jirani yake. Daftari la miamala linaweza kuwa kwenye diski moja na data kwenye nyingine. Seti ya RAID inagawa maandishi kwenye diski nne au nane. Lebo inayoamuru utaratibu ndani ya diski ya kwanza haina sauti kwenye ya pili. Anayeona diski zote ni kompyuta tu.

Kinachofurahisha ni kwamba lebo hizi zilipata kazi nyingine ambayo haihusiani na usalama wa data. Diski inayochagua daima kazi iliyo karibu na kichwa inaweza kuiacha amri ya pembeni ikisubiri hadi muda wake uishe. Draiva hudhani diski imekufa, huliwasha basi upya, na amri zote zilizokuwa njiani hulazimika kurudiwa. Draiva ya da katika FreeBSD ina muda wa kawaida wa kungoja wa sekunde 60, na kila robo ya muda huo huweza kutuma amri yenye utaratibu ili kuilazimisha diski ikomboe zilizosahauliwa. Draiva ya sym53c8xx ya Gérard Roudier nayo ilitumia ujanja wa namna hiyo. Chombo kilichobuniwa kulinda mfuatano kikaishia kulinda zamu.

Hoja ya pili: kompyuta isubiri

Linux 2.6.37, iliyotoka Januari 2011, iliufunga mjadala upande wake. Kazi ya Tejun Heo na Christoph Hellwig iliondoa vizuizi vya zamani, ambavyo viliilazimisha foleni nzima ikauke kila vilipopita, na kuacha vitu viwili tu: ombi la kumwaga kache kabla ya amri, na alama ya FUA inayotaka amri hii moja isijibiwe hadi data yake itue pasipofutika. Tabaka la bloku likaacha kuahidi utaratibu wowote. Mfumo wa faili unaohitaji mfuatano hutuma mabadiliko, husubiri yote yajibiwe, kisha hutuma rekodi ya kuthibitisha ikiwa na kumwaga kache mbele yake na FUA juu yake.

Nguvu ya njia hii ni kwamba haitegemei fadhila za diski. Inafanya kazi ileile kwenye SATA, SCSI, NVMe, RAID na diski za mashine pepe. Kosa likitokea, anayelipokea ni yule anayejua maana yake: mfumo wa faili unajua kwamba bila mabadiliko rekodi ya kuthibitisha isiandikwe, wakati draiva inaona namba za sekta tu. Hata virtio, diski ya kubuni ya mashine pepe, ilikuwa na sifa ya kizuizi ambayo sasa imebaki kama urithi wa zamani huku sifa ya kumwaga kache ikiendelea.

Bei yake ni kusubiri, na kwenye SATA bei hiyo ni kubwa kuliko inavyostahili. Amri ya kumwaga kache haimo katika foleni ya NCQ, na amri za NCQ hazichanganywi na zisizo za NCQ. Kwa hiyo draiva lazima izuie amri mpya, isubiri zote zilizo njiani ziishe, itume amri ya kumwaga, isubiri tena, ndipo ifungue mlango. Kwa miaka mingi libata iliacha FUA imezimwa kwa kuogopa diski zisizoitekeleza sawasawa, na hivyo kila uthibitisho ulilipiwa kwa kumwaga kache mara mbili: kabla na baada.

Zaidi ya hayo, kumwaga kache hakubagui. Hifadhidata ikitaka baiti mia chache zidumu, na wakati huohuo mtu ananakili filamu nzima kwenye diski ileile, muamala mdogo utasubiri sehemu ya filamu iliyo kwenye kache iandikwe pia. Ndiyo maana hifadhidata kubwa hukusanya miamala kadhaa na kuithibitisha kwa pamoja.

Njia za mkato

Kati ya hoja hizo mbili kuna watu wanaotaka kulipa kidogo, na si wote wanakosea.

Kuzima kache ya kuandikia ni njia ya heshima kuliko ilivyokuwa mwaka 2001. Diski ya sahani yenye NCQ inaweza kuwa na maandishi 32 mkononi ambayo haijayajibu, na kuyapanga kama ilivyokuwa ikipanga kache. Hasara haijaisha, hasa kwa programu inayotuma andiko moja na kusubiri, ila imepungua. Kwa SSD za kawaida ushauri huu haufai: flashi huandikwa kwa kurasa na kufutwa kwa mafungu makubwa, na bila kache kila andiko dogo linakuwa kazi kubwa inayoharakisha kuchakaa.

Chaguo la nobarrier lilikuwa na mantiki mahali pamoja tu: kidhibiti cha RAID chenye kache inayolindwa kwa betri. Hapo kumwaga kache hadi kwenye sahani ni kazi isiyo na faida. Lakini kidhibiti cha namna hiyo kinapaswa kuiambia kerneli yenyewe kwamba hakina kache inayofutika, na kerneli itaacha kutuma maombi hayo bila kuamriwa na mtu. XFS iliondoa kabisa chaguo hilo katika Linux 4.19. Historia ya ext3 inaonyesha kwa nini: kwa miaka mingi vizuizi vyake vilizimwa kwa kawaida kwa ajili ya kasi, na ingawa Chris Mason alionyesha mwaka 2008 kwa programu ya majaribio kwamba mfumo huo unaweza kuharibika umeme unapokatika, chaguo la kawaida halikugeuzwa hadi Linux 3.1 ya mwaka 2011. Waliotetea hali ya zamani walisema malalamiko ni machache. Ni kweli yalikuwa machache, lakini mwenye faili iliyooza miezi mitatu baada ya umeme kukatika atajuaje kwamba alaumu kizuizi?

Apple walichagua njia yao. Kwenye macOS, wito wa fsync, ambao programu huutumia kuomba data idumu, hupeleka data hadi kwenye diski bila kuiambia imwage kache. Anayetaka uhakika lazima atumie F_FULLFSYNC. Wameandika hivyo wazi kwenye maelezo ya mfumo, na SQLite na PostgreSQL zina mipangilio kwa ajili hiyo. Mwandishi wa programu asiyesoma maelezo hayo hupata kasi ambayo hakuiomba pamoja na hatari ambayo hakuambiwa.

Halafu kuna vifaa visivyosema kweli. Utafiti uliotolewa kwenye mkutano wa FAST mwaka 2013 ulizikatia umeme SSD 15 mara nyingi; 13 kati yake zilionyesha kasoro, nyingine zikipoteza hata maandishi yaliyokwisha kujibiwa. Draiva haina namna ya kugundua uongo huo wakati wa kazi. Inaweza tu kubeba orodha ya vifaa vyenye sifa mbaya, na libata inayo orodha kama hiyo: diski zisizopewa NCQ kabisa, na nyingine zisizopewa amri ya kufuta sekta kupitia foleni.

Kina cha foleni si mizani ya kasi

Kauli ya pili, ya kuongeza kina, inahitaji hesabu fupi tu. Tuseme diski ya sahani imefika kikomo chake kwa amri 160 kwa sekunde, na foleni ina amri 32 muda wote. Kila amri itakaa ndani ya diski kwa wastani wa 32 gawanya kwa 160, yaani sekunde 0.2. Foleni ingekuwa na amri 64, diski isingepata nguvu mpya ya maana. Kila amri ingesubiri karibu mara mbili. Kina huongeza kazi hadi diski ishibe. Baada ya hapo huhamisha foleni kutoka kwa kerneli, inayoweza kuipa kipaumbele amri ya haraka, na kuipeleka ndani ya diski ambako kerneli haina mkono tena.

NVMe, iliyotoka mwaka 2011, iliruhusu hadi foleni 65,535 za kazi, kila moja na nafasi 65,536. Watu huzisoma namba hizi kama za kasi. Faida yake halisi ni kwamba kila kiini cha prosesa kinaweza kuwa na foleni yake bila kugombania kufuli na wenzake, jambo ambalo Linux ililijengea tabaka jipya la bloku katika toleo 3.13 la mwaka 2014. Kuhusu utaratibu, NVMe ni wazi kuliko wote waliotangulia: amri mbili zilizo kwenye foleni moja hazina ahadi ya kufuatana, isipokuwa jozi maalumu zilizounganishwa. Ukitaka mfuatano, subiri jibu.

Kisha utaratibu ukarudi kupitia mlango wa nyuma. Baadhi ya diski za sahani zenye njia zinazopandana, na SSD za kanda za ZNS zilizopata kiwango chake mwaka 2020, zinataka kila kanda iandikwe kwa mfuatano kuanzia pale kalamu ilipoishia. Maandishi mawili yakifika yamebadilishana nafasi, lililotangulia kimakosa linafeli papo hapo. Hapa kuvunjika kwa utaratibu hakungoji umeme ukatike. Linux ilianza kwa kufunga kanda ili andiko moja tu liwe njiani, kwanza ndani ya mpangaji wa mq-deadline, kisha kwa mbinu mpya ya tabaka la bloku katika toleo 6.10. ZNS ilileta njia ya kulikwepa swali lenyewe: amri ya kuongezea kandani, ambapo kompyuta haisemi sekta gani. Diski huchagua na kurudisha jibu kwamba data imewekwa hapa. Bei ni kwamba mfumo wa faili lazima ukubali kujua anwani ya data yake baada ya kuiandika.

Utaratibu bila kudumu

Baadhi ya watafiti wameona kwamba njia ya Linux inawalazimisha watu kununua vitu viwili kwa pamoja. Programu nyingi hazihitaji data idumu sasa hivi. Zinahitaji tu kwamba ikiwa ya pili imedumu, ya kwanza iwe imedumu pia. Simu inayohifadhi rasimu ya ujumbe inaweza kupoteza sekunde mbili za mwisho bila kilio. Inachotaka ni kuinuka ikiwa na hali iliyo sahihi.

Mfumo wa faili wa OptFS, uliowasilishwa kwenye mkutano wa SOSP mwaka 2013 na kundi la Vijay Chidambaram na wenzake, uligawa fsync vipande viwili: wito wa utaratibu na wito wa kudumu. Youjip Won na wenzake, kwenye FAST mwaka 2018, walikwenda mbali zaidi, wakajenga njia nzima kutoka kwa mfumo wa faili hadi kwenye flashi inayolinda mfuatano bila kungoja, wakiirudisha kazini ile sifa ya SCSI ya amri yenye utaratibu. Maunzi ya simu yalikuwa yameshaanza kusogea: eMMC 5.1 ya mwaka 2015 ina amri ya kizuizi cha kache, inayoagiza mfuatano bila kumwaga.

Hoja hizi ni imara kuliko zinavyopewa nafasi, lakini zina nguvu pale tu ambapo kuna kifaa kimoja na kidhibiti kimoja, kama kwenye simu. Mara diski zikiwa mbili, lile tatizo la nne linarudi, na hakuna amri ya kizuizi inayovuka waya mmoja hadi mwingine.

Upimaji

Nikiweka hoja kwenye mizani, uamuzi wa Linux wa 2.6.37 ulikuwa sahihi zaidi kwa jinsi unavyoshughulikia makosa kuliko kwa sababu ya kasi. Utaratibu hauna tabu mambo yakienda vizuri. Tabu ni nani ataurudisha amri moja inapokataliwa na nyingine kupita. Draiva haijui maana ya sekta, na diski haijui kuwa kuna diski nyingine. Wa kuubeba mzigo huo ni mfumo wa faili au hifadhidata. Kazi ya draiva ikabaki ndogo na ngumu: kutoa lebo bila kuzirudia, kupunguza kina diski inapolalamika, kukausha foleni inapolazimika, na kutotangaza kukamilika kwa amri kabla ya wakati.

Kwa msimamizi, jambo la kwanza la kuangalia kwenye Linux ni faili ya write_cache chini ya /sys/block. Ikisema "write back", kifaa kina kache inayofutika na maombi ya kumwaga ni ya lazima. Ikisema "write through", kerneli imeshayaacha, na nobarrier isingeongeza kitu. NCQ iachwe imewashwa, isipokuwa kwa kifaa kilichothibitika kuwa kibovu. Kina cha foleni kipunguzwe pale ambapo ucheleweshaji wa amri moja una uzito kuliko jumla ya kazi. Na kwenye mashine pepe, kagua mpangilio wa kache wa mwenyeji kabla ya kugusa chochote ndani ya mgeni, kwa sababu QEMU ikiwekwa cache=unsafe hupuuza kila ombi la kumwaga, na uangalifu wote wa mfumo wa faili ulio juu yake unakwenda na maji.

Kilichobaki bila jibu ni ule ununuzi wa lazima wa vitu viwili. Teknolojia ya kuvitenganisha ipo, ila shinikizo la kuieneza limepungua kwa sababu ambayo haihusu uhandisi. SSD za vituo vya data huja na kapasita zinazozipa nafasi ya kumaliza kuandika umeme unapokatika. Huitangazia kerneli kwamba hazina kache inayofutika, na kumwaga kunakuwa karibu bure. Wenye fedha za kununua diski hizo, ambao ndio pia wanaolipa mishahara ya wengi wanaoandika kerneli, wameshatoka kwenye foleni hii. Wanaoendelea kulipa kwa kila fsync ni wenye simu, kompyuta za mapajani na seva ndogo za bei nafuu.